Mkimbiaji, kinywa kikavu na chupa ya kinywaji kitamu

Kwenye Olimpiki ya London 2012, wanamichezo 302 waliofika kliniki ya meno ya kijiji cha wanamichezo walichunguzwa. Asilimia 55 walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 18 walisema hali ya kinywa ilishaathiri mazoezi au matokeo yao. Ni kweli kwamba walikuwa wamekuja kliniki wenyewe, lakini hata ukipunguza kidogo, idadi hiyo ni kubwa.

Kwa wakimbiaji wa mbali, kinachoniudhi zaidi ni chupa. Ukikimbia unapumulia mdomoni na mate yanakauka, na mate ndiyo mlinzi wa jino. Ganda la jino huanza kuyeyuka pH, yaani kipimo cha tindikali (namba ikishuka, tindikali imezidi), ikishuka chini ya takriban 5.5, na vinywaji vingi vya michezo viko kati ya 3 na 4. Kinywa huhitaji nusu saa hivi kupoza tindikali. Anayenyonya chupa kila dakika kumi hakipi nafasi. Simama kwenye mwanga, inua mdomo wa juu: ukiona mstari mweupe kama chokaa kando ya fizi, madini yameanza kuondoka. Vishimo vya manjano kwenye vilele vya magego maana yake ganda limekwisha hapo.

Mazoezi yasiyofika saa moja, maji yanatosha. Yakizidi, piga mafunda ya kinywaji cha michezo kila dakika ishirini, kisha sukutua kwa maji ili tindikali isikae kinywani, hasa baada ya jeli ya nishati, maana hunata. Usikimbilie mswaki ukifika nyumbani, ganda bado ni laini. Subiri nusu saa, tumia dawa ya meno yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,350 hadi 1,500, tema povu wala usisukutue. Mswaki wa mti unasafisha vizuri, ila floraidi hiyo huipati humo.

Je, jino bovu huchana msuli? Zipo tafiti zilizoona meno mabovu na majeraha vikiandamana, lakini kuandamana si kusababisha. Madhara ya wazi hayahitaji nadharia: jino likiuma hulali, unatafuna upande mmoja, unaacha nusu ya ugali, na mazoezi ya asubuhi yanakwenda bila nguvu. Halafu unameza ibuprofeni, dawa ya maumivu, kabla ya mbio ndefu, mwili ukiwa umepungukiwa maji, na mafigo ndiyo yanayobeba.

Msumbufu mkubwa ni gego la mwisho lililotoka nusu. Chakula huingia chini ya kipande cha fizi, fizi inavimba, na taya inakataa kufunguka, mara nyingi wiki ile ile ya mashindano. Kwa hiyo nendeni mkachunguzwe miezi mitatu kabla. Likihitaji kung'olewa, pumzika siku tatu hadi tano bila mazoezi makali, usivute sigara wala kunywa kwa mrija: damu iliyoganda kwenye shimo la jino ikichomoka, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake huzidi yale ya jino lenyewe.