Jenga mara moja, pandisha ileile: paipulaini ninavyoziweka mimi

Washkaji wengi wa huku Kijitonyama wakitaka kuweka paipulaini (mfumo wa kuijaribu kodi na kuipeleka seva wenyewe, bila mkono) wanaanza na kubishana tutumie ipi, Jenkins au GitLab au GitHub Actions, na hilo kwangu ni swali dogo sana, zote kazi ni ileile, ukipushi kodi kuna mashine inaivuta, inaendesha testi, inatengeneza imeji ya Docker (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili itembee), inaipeleka seva. Chukua ile iliyopo hapohapo repo yako (ghala la kodi) inapokaa, yaishe. Jenkins sio mbaya ila utailea mwenyewe, mara apdeti mara plagini mara diski imejaa, timu ya watu watatu mtakesha nayo.

Swali lenyewe ni hili: kinachotembea kwenye seva sasa hivi ni komiti ipi, yaani mabadiliko yapi ya kodi yaliyohifadhiwa kwenye git? Muulize mtu anayeingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH na kuivuta kodi kwa mkono kwa git pull, atakwambia "ya jana nadhani". Sasa hapo ndo pa kurekebisha. Imeji ijengwe mara moja tu, ipewe tagi (lebo) ya namba ya komiti (sio latest, yaani "ya karibuni", latest haikwambii chochote), ikae kwenye rejista (ghala la imeji), halafu hiyohiyo iende seva ya majaribio na hiyohiyo iende kwa wateja. Ukijenga upya kwa ajili ya wateja inawezekana kabisa kuna laibrari imetoa toleo jipya hapo katikati, kwahiyo ulichokijaribu sicho ulichokipeleka. Kinachobadilika ni mipangilio tu, anwani ya databesi, funguo za malipo, na hizo zinakaa kwenye hifadhi ya siri ya paipulaini, marufuku ndani ya repo. Kama ufunguo ulishaingia humo, kuufuta haisaidii, historia ya git bado inao, omba mpya.

Mnaosema kudiploi kwa mkono hakuna shida, kaulizieni ya Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa ya Marekani. Agosti 1, 2012 kodi yao mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva 7, ya 8 ikasahaulika, soko lilipofunguliwa ile moja ikaanza kununua na kuuza hisa hovyo, kama dakika 45 hivi zaidi ya dola milioni 400 zikawa zimeyeyuka. Na katika kuhangaika kurekebisha wakaiondoa kodi mpya kwenye zile 7 zilizokuwa salama, zote zikarudi kwenye ile yenye tatizo! Hakuna aliyeona kwa haraka seva ipi ina nini, ndo maana nang'ang'ania tagi.

Kwa hapa Dar kuna faida nyingine ambayo watu hawaihesabu. Ukijengea kwenye laptopu unapandisha imeji ya mamia ya MB kwa bando lako mwenyewe, wakati ukiiachia paipulaini unapushi mistari uliyobadilisha tu, KB chache, mzigo mzito unabebwa huko kwenye klaudi. Umeme nao ukikatika katikati na wewe uko ndani ya SSH unaendesha amri moja moja, seva inabaki nusu mpya nusu zamani. Paipulaini haijui kama mtaani kwenu kuna giza.

Kurudi nyuma sasa ni rahisi, unaita tagi ya juzi, imeji ipo, sekunde kadhaa umemaliza. Isipokuwa databesi. Imeji inarudi, databesi hairudi, na wengi wanaumia hapa: wamefuta safuwima kwenye toleo jipya, wakirudisha kodi ya zamani inaitafuta haipo, kila kitu kinaanguka. Mi nafanya kwa awamu, toleo hili naongeza safuwima mpya, linalofuata kodi inahamia huko, ile ya zamani naifuta baadaye kabisa nikishajiridhisha hakuna anayeigusa. Inachosha, najua, lakini mwisho wa mwezi watu wanalipana mishahara hutaki kuijua njia nyingine.

Halafu zile kazi za usiku kama bekapu na testi ndefu, GitHub Actions usipoiambia vingine inasoma saa kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko masaa matatu mbele, kwahiyo ukiandika 23 kwenye sehemu ya saa itaamka saa nane usiku ya hapa. Na dakika usiweke sifuri, dunia nzima imeweka sifuri, foleni inakuwa ndefu na kazi nyingine zinarukwa kabisa. Mi naweka 17.