Je, wajua kwa nini noti za Mendelssohn bado zinahaririwa, ilhali alifariki mwaka 1847?

Kwaya niliyokuwa naimba besi ilikuwa na wimbo mmoja ambao kila tukifika ubeti wa pili tunagongana. Nusu ya besi wanavuta noti, nusu wanaikata. Mwalimu anapiga meza, tunarudia, tunagongana tena. Siku moja akakusanya karatasi zetu zote akazilaza sakafuni, ndipo tukaona: kwenye baadhi ya karatasi kulikuwa na nukta baada ya "s", kwenye nyingine haikuwepo. Aliyewahi kuimba kwa solfa, zile noti za d, r, m, anajua kwamba nukta si pambo, inakata pigo vipande viwili. Na ile nukta hakuiweka mtunzi. Ulikuwa uchafu wa mashine ya fotokopi, ukapigwa kopi, kopi nayo ikapigwa kopi, mpaka uchafu ukawa muziki.

Kulaza karatasi sakafuni na kuuliza nukta imetoka wapi ndiyo kazi ya watu wanaoandaa matoleo ya kihakiki ya muziki, yaani yale yanayolinganisha vyanzo vyote ili kujua mtunzi aliandika nini. Tofauti ni kwamba wao karatasi zao ziko Berlin, Kraków, Oxford na Chicago, na mtunzi hayupo wa kuulizwa.

Mtunzi mwenyewe, Felix Mendelssohn Bartholdy, alizaliwa Hamburg mwaka 1809 na kufariki Leipzig mwaka 1847, akiwa na miaka 38 tu. Hata kama jina hulijui, muziki wake umeusikia: ile machi ya harusi inayopigwa maharusi wakitoka kanisani ni yake. Lakini kazi zinazowatoa jasho wahariri ni nyimbo zake za kanisa na vipande vyake vya kinanda cha mabomba. Sisemi kinanda cha umeme tulichokizoea parokiani. Ni kile kikubwa kinachojengwa ndani ya kanisa, chenye mabomba yanayopulizwa upepo, kibodi mbili tatu za mikono na nyingine chini ya kupigwa kwa miguu.

Mtu atauliza: noti si zipo? Si alizichapisha mwenyewe? Kwa mtunzi mwingine labda swali lingeishia hapo. Mendelssohn alikuwa na tabia ya kutoridhika. Aliandika, akafuta, akaandika upya, na kazi ikishaimbwa mbele za watu ndipo hasa alipoanza kuitengeneza. Mwenyewe aliliita jambo hili ugonjwa, kwa utani ambao nadhani ndani yake ulikuwa na ukweli.

Tazama oratorio yake ya nabii Eliya, yaani hadithi ya Biblia inayoimbwa na kwaya na waimbaji wa peke yao pamoja na okestra. Iliimbwa mara ya kwanza Birmingham, Uingereza, tarehe 26 Agosti 1846, na wasikilizaji walipagawa hata vipande vinane vikarudiwa palepale. Mwingine angelala usingizi mnono. Yeye alirudi mezani na kalamu. Mle ndani mna kipande cha malaika wanaomtuliza nabii jangwani kwa maneno ya Zaburi ya 121, yale ya kuinua macho kuitazama milima. Birmingham walikisikia kikiimbwa na sauti mbili huku okestra ikiandamana nazo. Alipokirudia, aliondoa okestra yote akaacha sauti tatu za wanawake, wenyewe, bila chombo hata kimoja. Leo hicho ni kati ya vipande vinavyopendwa zaidi katika kazi nzima. Noti zilichapishwa mwaka 1847, na Novemba ya mwaka huohuo akafariki.

Basi Eliya wa kweli ni yupi, wa 1846 au wa 1847? Wahariri wengi hulipa uzito toleo ambalo mtunzi mwenyewe alikubali lichapishwe, kisha yale ya awali wakayaweka kwenye nyongeza au kitabu cha pembeni. Naona ni uamuzi wa busara, ila ni uamuzi bado. Hakuna karatasi iliyoteremka ikiwa na muhuri wa "hii ndiyo".

Sonata zake sita za kinanda, yaani kazi za sehemu kadhaa za kupigwa bila kuimbwa, zina mkasa wa namna nyingine. Mwaka 1844 kampuni ya Coventry & Hollier ya London ilimwomba aandike vipande vya kupigwa ibadani, vya aina ambayo Waingereza waliizoea kwa jina la "voluntary". Mendelssohn hakuwa na hakika jina lile la Kiingereza lina maana gani hasa, akapendelea kuziita sonata. Na hakukaa akaandika sonata ya kwanza, kisha ya pili. Alitunga vipande kimoja kimoja, vingi kati ya Agosti 1844 na Januari 1845, halafu akavipanga na kuvipangua kama mtu anayechagua shanga za mkufu. Vingine vikabaki nje. Kwa hiyo mswada wake hauonyeshi sonata sita zilizonyooka. Unaonyesha rundo la vipande vyenye tarehe, na baadhi vina sura tofauti na ile iliyochapishwa.

Kisha zikatoka mwaka 1845 kwa wachapaji wanne kwa pamoja: Coventry & Hollier huko London, Breitkopf & Härtel wa Leipzig, Schlesinger wa Paris na Ricordi wa Milano. Kwa nini wanne? Kwa sababu hakimiliki ya wakati ule ilikuwa inaishia mpakani. Ukichapisha Leipzig peke yake, mjanja wa Paris anazichapa kesho yake na hakupi hata senti. Dawa ilikuwa kutoa kila mahali kwa wakati mmoja. Lakini kila mahali kulikuwa na fundi wa kuchonga noti kwenye mabamba ya madini laini, akizigonga kinyumenyume kama picha ya kwenye kioo ili karatasini zisomeke sawa. Fundi akisinzia kidogo, shapu, alama ya kupandisha noti, inakosekana. Ndiyo maana mhariri wa leo hawezi kushika toleo la kwanza na kusema limetosha, maana atauliza la kwanza la mji upi.

Jambo moja katika zile sonata linanifurahisha sana. Mendelssohn aliandika utangulizi mfupi kuhusu sauti za kinanda, kwa kuwa alijua hakuna vinanda viwili vinavyofanana. Panapotakiwa nguvu zote, piga kinanda kizima. Panapotakiwa ulaini wa mwisho, kwa kawaida tumia sauti moja tu tulivu ya futi 8. Kwa miguu, sauti za futi 8 na futi 16 zitumike pamoja, isipokuwa pale alipoagiza vingine. Futi hapa ni urefu wa bomba: bomba la futi 16 ni mara mbili ya lile la futi 8, na mngurumo wake uko oktavu moja chini. Kwa mistari michache hiyo alimwachia mpigaji sikio lake, huku akimwekea mipaka. Wahariri wa zamani wa muziki wa kinanda hawakuwa na adabu hiyo siku zote. Wengi walijaza maelekezo yao wenyewe katikati ya noti bila kusema ni yao, na mwanafunzi akayapokea kama amri ya mtunzi.

Halafu ikaja vita. Familia ya Mendelssohn ilikuwa imekabidhi miswada yake, mabuku zaidi ya arobaini, kwa maktaba ya Berlin. Mabomu yalipoanza kuanguka katika Vita Kuu ya Pili, hazina za maktaba zilihamishwa mashariki na kufichwa, nyingine katika abasia ya Grüssau huko Silesia, wakati ule sehemu ya Ujerumani. Vita vilipokwisha, Silesia ilikuwa imeingia Poland. Masanduku yakapelekwa Kraków kimyakimya, na kwa miaka thelathini hivi wataalamu wa Magharibi waliandika kwamba yamepotea. Mwaka 1977 Poland iliikabidhi Ujerumani Mashariki baadhi ya miswada iliyokuwa ndani ya hazina hiyo, ya Mozart na Beethoven mojawapo, na siri ikawa si siri tena. Mabuku ya Mendelssohn yaliyokuwa humo yamebaki katika Maktaba ya Jagiellońska, Kraków, na humo ndimo ilimo miswada ya sonata za kinanda. Mhariri William A. Little aliitumia kuandaa kazi zote za kinanda katika mabuku matano, yaliyotoka kwa wachapaji wa Novello kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipande vilivyoachwa nje mwaka 1845 vikapata kupigwa.

Kwa upande wa nyimbo za kanisa, pengo lilikuwa kubwa zaidi. Toleo la zamani la "kazi zote", lililohaririwa na rafiki yake Julius Rietz kati ya 1874 na 1877, halikuwa la kazi zote hata kidogo. Kantata za kikorale, yaani kazi za kwaya na okestra zilizojengwa juu ya nyimbo za Kilutheri, alizoandika akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akijifunza kutoka kazi za Bach, mtunzi wa karne iliyotangulia, zilisubiri karne nyingine. Mswada wa mojawapo uko Chicago, katika maktaba ya Newberry. Katikati hapo Wanazi walimfuta kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, ingawa alibatizwa utotoni. Sanamu yake mbele ya ukumbi wa Gewandhaus, Leipzig, iling'olewa usiku Novemba 1936, na nakala yake ikasimamishwa mwaka 2008. Baada ya vita kazi ilianza upya taratibu. Toleo kubwa la Leipzig linasimamiwa tangu 1992 na Akademia ya Sayansi ya Saxony, na wachapaji wa Carus wa Stuttgart wametoa nyimbo zake za kanisa zote.

Sasa mhariri anafanya nini akishapata picha za miswada yote? Anakaa na kulinganisha, noti kwa noti, baa kwa baa. (Baa ni kile kichumba kati ya mistari miwili ya wima, tusielewane vibaya.) Tuseme katika baa ya 34 mswada una alama ya kushusha noti, toleo la London halina, la Leipzig linayo. Je, fundi wa London alisahau, au mtunzi aliiondoa kwenye prufu, ile kopi ya kusahihishwa kabla ya kuchapa? Mhariri anatafuta barua, anatazama pahali pengine ambapo sauti hiyohiyo inarudi, anaangalia wino: umeandikwa pamoja na noti au umeongezwa baadaye? Kisha anaamua. Akiongeza mstari wa upinde ambao haumo kwenye chanzo, anauchapa kwa nukta nukta ili uonekane ni wake. Na nyuma ya kitabu anaweka ripoti: baa fulani, sauti fulani, chanzo hiki kinasema hivi na kile vile. Waimbaji hawaisomi. Mimi mwenyewe niliipuuza miaka mingi, nikidhani ni orodha ya makosa ya uchapaji.

Wahariri wa tenzi za kale za Lamu na Pate watacheka wakisoma haya, maana yao ndiyo hayohayo: miswada mitatu kwa hati za Kiarabu, beti zinapishana, mwandishi mmoja kaandika neno la Kiamu, mwingine kalibadili la Kimvita. Hakuna aliyedanganya. Kila aliyenakili alikuwa anataka utenzi usomeke kwake.

Kwa kwaya isiyo na fedha, zile noti za Rietz zinapatikana bure mtandaoni, na si mbaya. Wimbo utaimbika. Kinachokosekana ni ripoti ile ya nyuma: Rietz akibadilisha kitu, hakuambii.

Mwaka 1840 Leipzig walisherehekea miaka 400 ya uchapaji wa Gutenberg, na Mendelssohn akatunga wimbo wa sherehe kwa sauti za wanaume na tarumbeta. Miaka mitatu baadaye alimwandikia mchapaji wa London kwamba muziki wa kipande kimoja humo unaweza kupewa maneno mengine, ya furaha na ya kijeshi kidogo, lakini ya kidini kamwe hayatafaa. Alipokwisha kufariki, mpiga kinanda Mwingereza William Cummings aliuchukua muziki huo huo akauvika maneno ya Charles Wesley, mtunzi wa tenzi za kanisa, kuhusu malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa Mfalme, na Krismasi haijapita tena bila wimbo huo, kuanzia Uingereza mpaka kwenye vitabu vyetu vya nyimbo. Ukiutafuta katika toleo la kihakiki utaukuta mahali alipouacha: kipande cha pili, wanaume na tarumbeta, na maneno ya kumsifu Gutenberg. Malaika hawamo.