Mkao wa mdomo kwenye saksofoni

Mkao wa mdomo ni jinsi midomo, meno, taya na mashavu vinavyoishika mausipisi (kipande cha saksofoni kinachoingia mdomoni) ili ridi, ule ulimi mwembamba unaofungwa juu yake, ipate nafasi ya kutetemeka. Kinacholia ni ridi. Kazi ya mdomo ni kuituliza kidogo na kuzuia upepo usivuje. Hapo ndipo wanapokwama wapulizaji wanaohamia saksofoni kutoka kwenye matarumbeta ya harusi, nao Mtwara si wachache. Tarumbeta hutaka midomo yenyewe itetemeke, kwa hiyo wanakuja wameikaza, na sauti inatoka nyembamba, ya kubanwa.

Lowesha ridi kwa mate au maji safi kwa dakika moja hivi, kisha uifunge ili ncha yake ilingane na ncha ya mausipisi, tofauti isizidi unene wa unywele. Kunja mdomo wa chini juu ya meno ya chini, lakini usiumeze wote: karibu nusu ya sehemu nyekundu ibaki nje. Meno ya juu yaguse mausipisi moja kwa moja. Pembe za mdomo zivute ndani, upande wa mausipisi, na kidevu kibaki bapa. Usitabasamu. Pembe zikienda nje, mdomo wa chini unakuwa mwembamba na ridi inagandamizwa kwenye meno.

Mausipisi iingie kiasi gani? Kwa saksofoni ya alto anza na sentimita 1 hadi 1.5 kutoka nchani hadi meno ya juu yalipo, halafu sikiliza. Ikiingia kidogo mno sauti inanyauka. Ikizidi, ridi inapiga kelele usizozitaka. Ingiza kipande cha karatasi kati ya ridi na mausipisi, ukitelezeshe taratibu. Kinapogota ndipo ridi inapoanza kuachana na mausipisi, na mdomo wa chini haufai kuvuka hapo.

Njia bora ya kujikagua ni kupuliza bila saksofoni yenyewe. Mausipisi ya alto peke yake, kwa nguvu ya kawaida, itoe A kwenye tyuna ya simu (programu inayoonyesha noti unayopiga). Ukiichomeka kwenye shingo, yaani bomba lililopinda la juu ya saksofoni, noti iwe A flati (tyuna nyingi huiandika G#). Mausipisi ya saksofoni ya tenor, ikiwa na shingo yake, hutoa E. Ikisoma juu ya hapo, unang'ata. Ikisoma chini, umelegea au upepo hautoshi. Kung'ata ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ushahidi wake uko ndani ya mdomo wa chini: baada ya dakika kumi za mazoezi, alama za meno hazipaswi kuwa mitaro inayouma. Anayelazimika kung'ata ili ridi ilie pengine anatumia ridi ngumu mno. Kwa mwanzo, namba 2 au 2.5 inatosha.

Si kila tatizo ni la mdomo. Noti za chini zikigoma, B flati hasa, huku mausipisi na shingo vinasoma sawa, kagua kwanza pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu ya saksofoni. Mara nyingi kuna moja isiyofunga vizuri.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe: kioo mbele yako, noti ya G, tempo ya mapigo 60 kwa dakika, ishikilie kwa mapigo 8 bila kuyumba, pumzika, rudia. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinatosha. Pembe zikianza kuvuja upepo, acha, maana misuli imechoka na ukiendelea utaanza kujizoesha kung'ata.

Kwa jua la Mtwara, saksofoni ikishapata moto noti hupanda. Usizishushe kwa kulegeza mdomo wimbo mzima. Vuta mausipisi nje kidogo kwenye koki (gamba laini lililozunguka ncha ya shingo), ujipime upya. Ukimaliza, futa ridi na uilaze mahali bapa penye hewa. Ikibaki mbichi kwenye mausipisi, kwa unyevu wa pwani yetu, itaota ukungu.