Mafuta ya karafuu hayaponyi jino bovu

Pale Marikiti, shika shavu tu, muuza viungo atakunyoshea kichupa cha mafuta ya karafuu: "Tia hii, mdudu afe." Imani hii ni ya tangu na tangu, na kwa kuwa nusu yake ni kweli, haifi.

Jinoni hamna mdudu. Kuna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi inayolitoboa jino. Mafuta ya karafuu, ambayo sehemu yake kubwa ni eujenoli, huua bakteria kweli kwa kuharibu utando wa seli zao. Pia hutia ganzi. Madaktari wa meno wenyewe huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kupata saruji ya kuzibia jino kwa muda. Ile harufu ya karafuu kliniki ndiyo hiyo.

Lakini pamba iliyochovywa mafuta haiponyi kiini kilichooza, wala tundu halijizibi. Maumivu yakikata ghafla, huenda mshipa wa fahamu umekufa na usaha unajikusanya chini kwa chini. Jirani yangu alifurahi kama wiki mbili hivi. Asubuhi moja akaamka jicho limefumba kwa uvimbe.

Ukiyatumia, tone moja ndani ya mafuta ya kupikia latosha, kwani yakiwa makali huunguza ufizi. Watoto wadogo wasipewe kabisa: kijiko kimoja kikimezwa chaweza kuharibu ini. Na uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza kukiwa taabu, nenda hospitali usiku huo huo.