Kopo Lisilo na Lebo, na Maswali Mengine ya Ngozi

Nasikia ngozi nyeusi haizeeki. Sasa nihangaike nayo ya nini?

Inazeeka, ila inachelewa, na dalili zake za mwanzo si mikunjo. Melanini, ile rangi tuliyozaliwa nayo, hupunguza mionzi ya jua inayopenya ndani, ndiyo maana makunyanzi hutuchelewa. Kwetu uzee wa ngozi hutangulia kuonekana kwenye rangi: madoa meusi mashavuni, paji la uso jeusi kuliko shingo, kope za chini zilizoingia weusi. Anayesubiri mikunjo ndipo aanze kujitunza atakuwa amepitwa na miaka kumi au zaidi.

Basi nipake losheni ya jua? Si ni ya wazungu na watu wenye ualbino?

Mwenye ualbino hana hiari. Jua kwake ni saratani, na ndiyo sababu pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni maalumu kwa ajili yao. Sisi wengine tuanze na vya bure: kivuli, kofia pana, mikono mirefu, kanga kichwani, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwavuli si wa mvua peke yake.

Ukiwa na madoa usoni, au kazi yako ni ya juani, ongeza losheni iliyoandikwa SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua). Paka robo saa kabla ya kutoka na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Nyingi huacha weupe kama mtu aliyetoka mashineni kusaga unga. Tafuta yenye rangi ya kahawia, ambayo pia huzuia madoa vizuri zaidi. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2013 ulilinganisha waliopaka kila siku na waliopaka wanapojisikia, kwa miaka minne na nusu. Dalili za uzee kwenye ngozi za wale wa kila siku zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko za wenzao. Ni kweli walikuwa watu weupe, lakini jua ni lilelile.

Na kioo cha gari kisikudanganye. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Shavu la kushoto, upande wa dirisha, lilikuwa limekunjamana na kuning'inia. La kulia lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Kioo huzuia mionzi inayounguza, ila kinaachia ile inayozeesha. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo madereva waangalie shavu la kulia.

Niogeje, na nipake nini?

Sabuni ya mche ni ya nguo. Ngozi ina asidi kidogo inayoilinda, na sabuni kali huiondoa yote ikaacha ngozi imekaza na kupauka. Tumia sabuni laini, na kama ngozi yako ni kavu iishie kwapani, kwenye kinena na miguuni. Kwingine maji yanatosha. Maji yawe ya uvuguvugu. Dodoki lipite kwa upole, maana kusugua kila siku kwa nguvu huleta weusi ule ule unaojaribu kuutoa. Hata singo ya bi harusi ni ya siku chache kabla ya shughuli, hakuna bibi aliyeipaka kila asubuhi.

Siri iko katika dakika tatu za mwanzo baada ya kuoga. Jifute kwa kugusagusa, ubaki na unyevunyevu, kisha paka mafuta hapo hapo. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyopo yasitoke. Mafuta ya mgando ya bei ndogo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko krimu nyingi za bei mbaya. Kwa mwili ya nazi nayo yanafaa, ila mwenye chunusi asiyapake usoni. Na kama chunusi zako zimejipanga kwenye paji la uso, angalia kwanza mafuta ya nywele.

Nikinywa maji lita nyingi ngozi itang'aa?

Kunywa kwa kiu na kwa joto la ulipo. Ukizidisha, utaongeza safari za chooni tu.

Limao na dawa ya meno kwenye madoa je?

Hapana. Ukipaka limao kisha ukatoka juani, unaungua na kuachiwa doa jeusi kuliko la mwanzo. Dawa ya meno ni ya meno.

Kuna krimu dukani, siku saba tu uso unakuwa mweupe. Ina ubaya gani?

Kinachofanya kazi haraka hivyo ni mojawapo ya vitu vitatu: haidrokwinoni (kemikali inayozuia ngozi kutengeneza rangi), zebaki, au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kama klobetasoli. Mara nyingi muuzaji amechanganya krimu kadhaa kwenye kopo moja lisilo na lebo, na huo ndio mkorogo. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu hugeuka na kuleta weusi wa rangi ya majivu usiotoka. Steroidi hukondesha ngozi: mishipa huonekana, michirizi mipana hujitokeza mapajani, na mtu akihitaji upasuaji, kidonda huchelewa kupona. Zebaki hupita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na mtoto anayelala na mama au kutumia taulo lake huipata pia. Ukiona kwenye pakiti onyo la kutoigusisha na vito vya dhahabu au fedha, rudisha: hiyo ni alama ya zebaki. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi hivi, na bado vinauzwa chini ya meza.

Mtumiaji hajifichi. Tazama vidole vyake: mkono umekuwa mweupe, lakini viungo vya vidole vimebaki vyeusi tii. Ngozi ya pale ni nene na ina mikunjo, mkorogo hauiwezi.

Nimetumia miaka mingi. Niache leo?

Kama ni ya zebaki, leo hii. Kama ina steroidi na umekuwa ukipaka mwili mzima, nenda na kopo lako hospitali kwanza. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza ya kwake, na ukikatiza ghafla unaweza kuishiwa nguvu vibaya. Uso nao huwaka, huwasha na kufumuka chunusi kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi hurudi dukani wakidhani krimu ndiyo iliyokuwa ikiwaponya. Daktari atakupunguzia taratibu. Rangi yako itarudi, pengine si sawasawa kila mahali.

Sigara na usingizi vinahusika?

Sigara sana: hubana mishipa midogo ya damu na kuvunja kolajeni inayoishika ngozi, na mistari huanzia kuzunguka midomo. Usingizi haba huonekana machoni kesho yake.

Doa gani nisilipuuze?

Doa jeusi linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, wakati hukujigonga popote. Saratani ya aina hiyo ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981. Ilianzia kwenye kidole cha mguu. Pia kidonda kisichopona ndani ya mwezi. Na baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa kwa pamba hulisikii: huenda ni ukoma, ambao unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Usilipake chochote kabla hawajaliona.