Rejimenti na batalioni: nani hasa alipigana Tanga?

Ukisoma kwamba "rejimenti ya Loyal North Lancashire ilipigana Tanga mwezi Novemba 1914", umeambiwa nusu tu ya habari. Siku zilezile, askari wengine wenye beji ileile kofiani walikuwa wakipigana karibu na Ypres, Ubelgiji. Wengine walikuwa bado kwao Uingereza wakifundishwa kushika bunduki. Wote hao ni rejimenti moja. Asiyejua tofauti ya rejimenti na batalioni atadhani waandishi wanapingana, kumbe kila mmoja anasema kweli kuhusu watu tofauti.

Katika askari wa miguu wa Uingereza, rejimenti ni mfano wa ukoo. Ina jina, beji, bendera, makao na kumbukumbu zake. Loyal North Lancashire makao yake yalikuwa kambi ya Fulwood, mjini Preston. Lakini ukoo mzima haufungi safari. Wanaosafiri ni watu wa mlango fulani wa ukoo, na milango hiyo ndiyo batalioni. Batalioni ya mwaka 1914 ilikuwa na watu kama 1,000 chini ya luteni kanali, wamegawanywa katika kombania 4, na kila kombania ina platuni 4. Hao ndio wanaopanda meli pamoja, wanaokula pamoja na kuzikana.

Linalowachanganya wengi zaidi ni brigedi. Mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, batalioni 4 zilifanya brigedi moja, na kwa kawaida kila moja ilitoka rejimenti yake. Kwa hiyo batalioni ilipigana bega kwa bega na wageni, huku ndugu zake wa ukoo wakiwa bara jingine kabisa.

Mpango huu una asili yake. Mwaka 1881 serikali ya Uingereza iliziunganisha rejimenti nyingi za zamani mbilimbili na kuzipa majina ya mikoa. Rejimenti ya 47 na ya 81 ndizo zilizozaa Loyal North Lancashire, moja ikawa batalioni ya 1 na nyingine ya 2. Nia ilikuwa batalioni moja ikae nyumbani na kuandaa askari wapya, nyingine ilinde makoloni, kisha zipokezane. Ndiyo maana vita vilipoanza Agosti 1914 batalioni ya 1 ilikuwa Aldershot, kusini mwa Uingereza, na ya 2 ilikuwa Bangalore, India. Ya kwanza ilivushwa mara moja kwenda Ufaransa. Ya pili ilikuwa upande wa Bahari ya Hindi, na hilo pekee ndilo lililoileta kwetu.

Namba nazo zina maana. Katika rejimenti hii, ya 1 na ya 2 ni askari wa kudumu. Ya 3 ni ya akiba, kazi yake kufundisha na kuziba mapengo ya waliokufa. Ya 4 na ya 5 ni raia wa Preston na Bolton waliokuwa wakifanya mazoezi ya kijeshi baada ya kazi zao. Kuanzia ya 6 na kuendelea, nyingi ni za vijana waliojiandikisha kuitikia mwito wa Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza. Ukiona mkwaju, kama 1/4 na 2/4, jua kwamba batalioni ya 4 ilijaa watu hadi ikazaa pacha. Kufikia mwisho wa vita rejimenti hii moja ilikuwa imeunda batalioni 21.

Wenye wazee waliotumikia Keya, yaani King's African Rifles, wameiona alama hiyo kwenye karatasi za zamani. Iliyoandikwa 1/6 KAR ni batalioni ya kwanza katika ya 6, ile ya Tanganyika. Hao ndio waliopigana Colito, Ethiopia, Mei 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, na kambi ya Dar es Salaam ikaitwa Colito kabla haijawa Lugalo.

Sasa turudi Tanga. Batalioni ya 2 ilifika na msafara wa watu kama 8,000 uliotoka India chini ya Meja Jenerali Aitken, na karibu wote waliobaki walikuwa askari wa Kihindi. Walishushwa Ras Kasone usiku wa Novemba 2 na siku zilizofuata. Mjini walisubiriwa na askari kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, wengi wao wakiwa askari wa Kiafrika. Tarehe 4 mchana walianza kusonga mbele kupitia vichaka na mashamba, jua likiwaka, hawaonani. Vikosi vingine vilivunjika, lakini watu wa North Lancashire pamoja na Wakashmiri wa Kihindi walivuka bonde la reli na kuingia mitaani. Wakasukumwa nje. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Siku iliyofuata Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki, risasi na mamia ya wafu na majeruhi.

Batalioni ile haikurudi India. Ilibaki Afrika Mashariki, ikawa batalioni pekee ya askari wa kudumu kutoka Uingereza katika vita vya huku. Juni 1915 ilivuka Ziwa Viktoria na wenzake kuishambulia Bukoba. Februari 1916 ilikuwa Salaita, karibu na Taveta, na mwezi uliofuata katika mapigano ya kuuzunguka Mlima Kilimanjaro. Malaria iliidhoofisha hata ikapelekwa Afrika Kusini kupumzishwa, na mapema 1917 ikahamishiwa Misri.

Wakati huo batalioni ya 6 ilikuwa na mkasa wake, na huu mimi siwezi kuusoma haraka. Ilifikishwa Gallipoli, Uturuki. Alfajiri ya Agosti 10, 1915 ilikuwa juu ya kilima cha Chunuk Bair, imetoka tu kuwapokea Wanyuzilandi waliochoka, mashambulizi ya Waturuki yaliyoongozwa na Mustafa Kemal yalipoifagia. Ikajazwa watu upya, ikaenda Iraki. Machi 1917 ilikuwa inavuka mto Diyala usiku kuelekea Baghdad, mashua zikazama, kundi dogo likabaki ng'ambo bila njia ya kurudi. Kapteni Oswald Reid, mzaliwa wa Johannesburg, alilishikilia kundi hilo kwa saa 30 na kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Na hapa dhana yetu inaonekana waziwazi: Reid alikuwa ofisa wa rejimenti ya Liverpool, ameazimwa tu. Beji yake ya ukoo mwingine, lakini waliokuwa naye gizani ng'ambo ya mto walikuwa batalioni ya 6 ya Loyal North Lancashire.

Baada ya vita, kila rejimenti iliruhusiwa kuandika kwenye Bendera ya Mfalme majina 10 ya mapigano. Loyal North Lancashire iliandika, pamoja na mengine, Mons, Suvla, Gaza, Baghdad na Kilimanjaro. Hakuna askari hata mmoja aliyehitajika kuwa mahali pote hapo. Mons ni ya batalioni ya 1, Suvla, huko Gallipoli, na Baghdad za ya 6, Kilimanjaro ya ya 2. Bendera imekusanya mavuno ya mashamba mengi katika ghala moja.

Mawe ya makaburi nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida jiwe la askari wa Uingereza hutaja rejimenti bila namba ya batalioni, na anayemtafuta babu yake aliyelala Ufaransa au Iraki hulazimika kufungua daftari la makaburi ajue alikuwa wa namba gani. Lakini ukilikuta jina la Loyal North Lancashire kwenye makaburi ya vita ile huku Afrika Mashariki, daftari si lazima. Kati ya batalioni 21, ni ya 2 peke yake iliyofika.