Siku Sita za Uumbaji na Majivu ya Oldupai

Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona mfupa umechomoza kwenye mteremko wa korongo la Oldupai. Ulikuwa sehemu ya fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo dunia ililijua kwa jina la Zinjanthropus, na leo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Umri wake unatajwa kuwa takriban miaka milioni 1.84. Muumini akisikia hivyo huuliza maswali mawili, na yote ni ya haki: nani alipima umri huo na kwa kipimo gani? Na kama ni kweli, nifanye nini na siku sita za uumbaji?

Tuanze na kipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Fuvu lenyewe halikupimwa. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyolala chini yake na juu yake. Korongo la Oldupai limekata matabaka kama kisu kilichokata keki, na kila mlipuko wa volkano za jirani uliacha tabaka lake. Fuvu lilikutwa kati ya matabaka mawili ya majivu, kwa hiyo haliwezi kuwa la zamani kuliko lile la chini wala la juzi kuliko lile la juu.

Ndani ya majivu mna chembe ndogo za madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani, kama 0.012 kwa mia, ni aina iitwayo potasiamu 40, ambayo hubadilika yenyewe polepole. Kwa kila atomu kumi zinazobadilika, karibu moja huwa gesi ya agoni, na zilizobaki huwa kalisi. Nusu ya potasiamu 40 huchukua miaka bilioni 1.25 kubadilika. Jiwe likiwa limeyeyuka ndani ya volkano, agoni hutoroka. Likipoa na kuganda, agoni mpya inanaswa ndani ya chembe na saa inaanza kuhesabu. Kwa miaka milioni 1.84, katika kila atomu elfu moja za potasiamu 40 imebadilika moja tu hivi. Kiasi hicho ni kidogo mno, ndiyo maana kazi hii inahitaji mashine nyeti na chembe safi.

Hapa turekebishe kosa linalorudiwa sana mimbarini na madarasani: kwamba wanasayansi walipima mifupa ya Oldupai kwa kaboni, na kaboni haiaminiki. Kaboni 14, aina ya kaboni inayotumiwa katika kipimo hicho, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ikifika miaka kama 50,000 hakuna kiasi cha kutosha kubaki cha kupimwa. Hakuna anayejua kazi yake atakayeitumia kwa Zinjanthropus. Anayepinga kwa hoja hiyo anapiga mlango ambao hauna mtu ndani.

Je, kipimo cha potasiamu hukosea? Hukosea, na ni vizuri kila mwalimu ajue kinakosea vipi. Mfano ulio wazi uko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Tabaka moja la majivu la huko lilipewa umri wa miaka milioni 2.6 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya aliyekuwa hodari wa kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, akakuta chini ya tabaka hilo fuvu lililosajiliwa kwa namba 1470, na likatangazwa kuwa la zamani mno. Waliolikataa tangazo hilo walitegemea nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika umbo kadiri vizazi vilivyopita, na meno yaliyokutwa chini ya majivu hayo yalifanana na yale ya bonde la Omo, Ethiopia, katika matabaka ya karibu miaka milioni 2. Kumbe sampuli za kwanza zilichanganyika na chembe za miamba ya zamani zaidi, zilizokuja na agoni yake. Vipimo vilirudiwa kwa chembe zilizochambuliwa vizuri, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 umri ukatulia kwenye milioni 1.88 hivi.

Muumini aangalie mambo mawili katika kisa hicho. Kosa lilifichuliwa na watafiti wenyewe, kwa ushahidi wa aina nyingine kabisa. Na marekebisho yaliteremsha umri kwa miaka laki saba hivi. Hayakuusogeza hata kidogo kuelekea miaka elfu sita, ambayo waumini wengine hudai ndiyo umri wa dunia.

Sasa tugeukie upande wa vitabu, kwani huko nako kuna mambo husemwa ambayo hayakuandikwa. Miaka 6,000 haimo katika aya yoyote ya Biblia. Ni hesabu iliyopatikana kwa kujumlisha umri wa mababa. Askofu James Ussher wa Ireland aliifanya na kuichapisha mwaka 1650, akaweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Lakini fungua Mwanzo sura ya 5. Matini ya Kiebrania inasema Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi; tafsiri ya kale ya Kigiriki inasema 230. Tofauti kama hizo zikijirudia kizazi baada ya kizazi, jumla inabadilika sana, na ndiyo sababu Wakristo wa Mashariki waliofuata hesabu ndefu waliweka mwanzo wa dunia karibu miaka 5,500 kabla ya Kristo. Kwa hiyo anayetetea miaka 6,000 anatetea hesabu ya wanadamu, na anapaswa kulijua hilo kabla ya kumwambia kijana achague kati yake na sayansi.

Kuhusu siku zenyewe, Mwanzo 1 inataja jioni na asubuhi mara tatu kabla jua halijawekwa angani siku ya nne. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliliona jambo hilo karne ya tano na akalitafakari kwa kina. Pia aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya nyota na maumbile huku wakidai wanasema Maandiko, maana msikilizaji anayeyajua mambo hayo atadharau hata habari ya ufufuo. Alisema hivyo zaidi ya miaka elfu kabla ya darubini. Hakuwa anakimbia sayansi ya kisasa.

Katika Qurani, mbingu na ardhi zimeumbwa kwa siku sita, kama ilivyo katika Suratul Aaraf aya ya 54. Lakini Suratul Hajj aya ya 47 inasema siku moja kwa Mola wako ni kama miaka elfu mnayohesabu ninyi, na Suratul Maarij aya ya 4 inataja siku ya kadiri ya miaka elfu hamsini. Wafasiri wengi wa zama zetu wanazisoma siku za uumbaji kuwa vipindi. Na Suratul Ankabut aya ya 20 inaamuru watu watembee katika ardhi watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Mwislamu anayechambua matabaka ya Oldupai hana sababu ya kuona kazi hiyo ni uasi.

Kuna hatari nyingine, ya kupatanisha imani na sayansi kwa pupa. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza kutoka hali moja ndogo iliyosongamana. Papa Pius XII alipohutubia Novemba 1951 kana kwamba sayansi imethibitisha uumbaji, Lemaître, kasisi huyo huyo, hakufurahi. Aliona nadharia ya fizikia inaweza kurekebishwa kesho, na imani isifungwe kwenye nguzo hiyo. Tungependa ushauri wake uzingatiwe na wote wanaosambaza vijitabu vinavyodai kila ugunduzi ulishatabiriwa kwenye aya fulani.

Hata hivyo, upatanisho haumalizi kila kitu, na si uaminifu kujifanya unamaliza. Penye mvutano wa kweli ni kwa Adamu. Suratul Imran aya ya 59 inasema aliumbwa kwa udongo kisha akaambiwa: Kuwa! Naye akawa. Waraka kwa Warumi sura ya 5 unajenga mafundisho mazito juu ya mtu huyo mmoja. Kanisa Katoliki mwaka 1950 liliruhusu utafiti juu ya mwili wa binadamu kutokana na viumbe waliotangulia, likishikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanamweka Adamu peke yake kuwa ameumbwa bila wazazi, na baadhi yao wanakubali kwamba wanyama wengine wamebadilika kwa muda mrefu. Makanisa mengi ya kiinjili hayakubali hata hilo. Kipimo cha agoni hakiwezi kuamua kati yao, kwa sababu kinapima majivu.

Lugha yetu nayo inachochea ugomvi usio wa lazima. Tunasema binadamu ametokana na nyani. Hakuna mwanasayansi anayefundisha hivyo. Sayansi inasema binadamu na sokwe wana babu mmoja aliyeishi miaka milioni sita au saba hivi iliyopita; sokwe ni binamu, si babu. Nyani yuko mbali zaidi. Katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, yamekutwa mabaki yenye umri wa miaka milioni 25, yaliyotangazwa mwaka 2013: taya la jamii ya sokwe, na kipande cha taya chenye jino moja cha jamii ya nyani na kima. Koo hizo mbili zilikuwa zimeshaachana.

Neno nadharia pia linatuponza. Mtaani, nadharia ni kitu cha karatasini kisicho na vitendo. Katika sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi na kuunganisha ushahidi mwingi. Somo la Historia la kidato cha kwanza nchini Kenya, katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, liliorodhesha uumbaji, masimulizi ya jadi kama ya Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, na mageuko ya viumbe kama nadharia tatu sambamba. Mwanafunzi akatoka amekariri majibu matatu ya mtihani, bila kujua kila moja linajibu swali gani.

Mwalimu anayeulizwa darasani, "Sasa sisi tuamini lipi?" aanze kwa kumwomba mwanafunzi aandike pande mbili za daftari: upande mmoja aya aliyonayo, neno kwa neno, upande wa pili kilichopimwa, wapi na kwa njia gani. Mara nyingi sentensi inayomtesa haitaonekana upande wowote. Ikionekana, basi amefika kwenye swali lenyewe, na hapo apelekwe kwa padri, mchungaji au shehe akiwa na daftari mkononi.